Mkanda wa skuta kubwa usisubiriwe hadi ukatike

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie kifaa ambacho wengi wa wenye skuta kubwa hawajapata kukiona kwa macho, ijapokuwa ndicho kinachowafikisha waendako kila siku, nacho ni mkanda unaochukua nguvu ya injini na kuipeleka upande wa gurudumu la nyuma. Nimeendesha skuta za aina hii kwa miaka 14, ya kwanza ikiwa ya cc 400 na hii ya sasa ikizidi cc 500, na kazi ya kufungua na kufunga upande wa mkanda naifanya kwa mikono yangu. Kilichonisukuma kuandika ni kauli ninayoisikia kila mara kwamba skuta haina mnyororo wa kupaka oili wala gia za kubadilisha, na kwamba mwenye nayo akishamwaga oili ya injini kwa wakati amemaliza wajibu wake. Anayeuza huitoa kauli hiyo kwa nia njema, anayenunua huipokea kwa furaha, na kifuniko cha upande wa kushoto hukaa miaka bila kuguswa.

Nami niliiamini. Mkanda wa skuta yangu ya kwanza ulikatika nikiwa katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa, mke wangu akiwa amekaa nyuma yangu, geji ikisoma kilomita 31,000 na ushei, ilhali kitabu cha mtengenezaji kilitaka ubadilishwe ufikapo kilomita 24,000. Miezi michache kabla ya hapo fundi aliyeifanyia skuta matengenezo alikuwa amefungua kifuniko, akautazama mkanda, akaniambia bado una maisha, nami nikashukuru kwa kuepushiwa gharama. Siku ile nilisikia mlio kama wa turubai linalochanika, injini ikapiga kelele ghafla na skuta ikaacha kuvuta. Tulijaliwa kuserereka hadi pembeni bila kuguswa na mtu. Nilipofungua nilikuta nyuzi zimejisokota nyuma ya klachi kama kamba ya kisima, mapezi ya kupozea yaliyo kwenye puli ya mbele yamevunjika, na vipande vya mpira vimebanwa hadi kwenye sili ya shafti, ile pete inayozuia oili isivuje. Kifaa kimoja ambacho kingebadilishwa kwa mchana mmoja kilikuwa kimeharibu vingine vinne, na nisingependa kufikiri sana juu ya mahali ambapo vipande vile vingebana kama vingeamua kubana gurudumu lenyewe.

Kwa nini jicho la fundi yule, ambaye sikuwa na sababu ya kumtilia shaka, lilishindwa kuona? Jibu limo katika namna mtambo wenyewe unavyofanya kazi, na naomba uvumilivu wa msomaji nikieleza. Ndani ya kifuniko kuna puli mbili. Ya mbele imefungwa kwenye ncha ya krenki, yaani shafti kuu ya injini, ya nyuma inazunguka pamoja na klachi. Kila puli ina nusu mbili zenye mteremko, kama visahani viwili vilivyogeuziana migongo, na mkanda umekaa katika bonde lililo kati yake. Nyuma ya ile nusu inayotembea ya puli ya mbele zimo rola nzito, aghalabu sita au nane. Injini ikizunguka polepole rola hukaa karibu na kitovu, bonde la mbele huwa pana na mkanda huzama, huku nyuma ukikaa juu ukingoni, na hali hiyo ni sawa na gia ya kwanza. Mizunguko ikiongezeka rola hutupwa nje, huisukuma nusu ile, bonde hubanwa na mkanda hupanda. Na kwa kuwa urefu wake ni uleule, upande wa nyuma hauna budi kuzama na kuitanua puli ambayo springi nene inashinda ikitaka kuifunga. Hub van Doorne wa Uholanzi aliuingiza mtambo wa jamii hii katika magari ya DAF mwaka 1958, na skuta nyingi za leo, tangu zile ndogo kabisa hadi Yamaha TMAX iliyoanza kuuzwa mwaka 2001, zinafuata msingi huohuo.

Katika maelezo hayo msomaji azingatie kwamba kati ya mkanda na puli hakuna meno yanayoshikana. Yale makato yaliyo upande wa ndani wa mkanda huonekana kama meno, lakini kazi yake ni kuuwezesha kukunjika na kupitisha hewa. Nguvu yote hupita kwenye mbavu zake mbili, kwa kubanwa na kusuguana na uso wa chuma. Kwa hiyo mkanda huliwa ubavuni, na kinachopungua ni upana. Ndani ya mpira wake zimo nyuzi za aramidi, za jamii ile iliyotokana na ugunduzi wa mwanakemia Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont mwaka 1965, ambazo sifa yake kubwa ni kutorefuka zinapovutwa. Basi anayeubonyeza mkanda kwa kidole akitafuta ulegevu, kama tulivyozoea kufanya kwenye mnyororo wa pikipiki, hupata jibu la kumridhisha ambalo halina maana yoyote. Tofauti kati ya upana wa mkanda mpya na ule ambao mtengenezaji anasema usitumike tena huwa, kwa skuta nyingi, milimita moja hadi mbili tu. Hakuna jicho linaloona milimita moja kwenye mpira mweusi uliojaa vumbi. Kinachoiona ni kalipa, yaani kifaa cha kupimia upana kwa milimita, nayo iwekwe sehemu tatu au nne za mkanda, kwa sababu mkanda uliowahi kuteleza mahali pamoja huwa mwembamba hapo na mnene kwingine, na skuta huanza kutetemeka kwa mapigo yanayofuatana.

Hata hivyo kalipa haimalizi yote. Mpira hukauka. Mkanda uliokaa miaka mingi katika skuta isiyotembea, ukiwa umekunjwa mahali palepale kuizunguka puli, unaweza kuwa na upana wake kamili na bado ukawa na nyufa kwenye mashina ya yale makato. Nyufa hizo huonekana mtu akiutoa mkanda na kuukunjua taratibu kwa nje mbele ya mwanga. Nasema taratibu kwa kukusudia, maana nyuzi za aramidi zina nguvu ya ajabu zinapovutwa lakini hudhurika zikivunjwa kwa kukunjwa kwa ghafla, na nimeona mkanda mpya umehifadhiwa umesokotwa mara tatu kama waya ili uenee kwenye kisanduku cha zana. Mkanda wa namna hiyo nisingeufunga.

Kwa wale wasio na nia ya kufungua kifuniko kila mara, ninayo njia moja ambayo imenisaidia kuliko zote, na hiyo ndiyo hasa niliyotaka kuifikisha kwa wasomaji. Skuta nyingi kubwa zina geji ya mizunguko ya injini. Siku mkanda mpya unapofungwa, pamoja na rola nzima, na ukishatembea kilomita mia kadhaa ukazoeana na puli, mwendeshaji atafute barabara tambarare siku isiyo na upepo, ashike mwendo mmoja bila kuongeza wala kupunguza moto, kisha asome mizunguko na kuiandika. Skuta yangu ya sasa, kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, ilisoma mizunguko 5,000 kwa dakika mkanda ulipokuwa mpya. Baada ya kilomita 18,000, barabara ileile na mwendo uleule, ilisoma 5,200 na kidogo. Maana yake ni kwamba mkanda ulikuwa umekonda, hauwezi tena kupanda hadi ukingo wa puli ya mbele, na injini inalazimika kuzunguka zaidi ili kuleta mwendo uleule. Anayeendesha kila siku hawezi kuhisi mabadiliko hayo kwa sababu huja kidogo kidogo, kama nywele zinavyoota. Karatasi iliyoandikwa haisahau.

Ishara nyingine zipo, nami nazitaja kwa ufupi kwa kuwa kila moja inaweza kusababishwa na jambo zaidi ya moja. Skuta inayotetemeka wakati wa kuondoka na kutulia ikishashika mwendo mara nyingi ina klachi iliyong'aa kama kioo kwa joto, au yenye vumbi la mkanda. Inayoondoka kwa uzito huku injini ikilia inaweza kuwa na mkanda mwembamba au springi ya nyuma iliyochoka. Inayopanda mwendo kwa kushtuka-shtuka huenda rola zake zimeliwa zikawa na upande bapa, zikawa zinaburuzwa badala ya kubingirika. Harufu ya mpira ulioungua baada ya kupanda mlima haihitaji maelezo.

Adui mkubwa wa mkanda kuliko kilomita ni joto. Msuguano niliousema huzalisha joto ndani ya kasha lililofungwa, na ndiyo sababu puli ya mbele ina mapezi ya kuvuta hewa na kasha lina mlango wa kuiingiza, ambao katika skuta nyingi kubwa una kichujio chake cha sponji, mbali kabisa na kichujio cha hewa ya injini. Kichujio hicho ndicho kilichosahaulika kuliko vyote. Nimewahi kusaidia kufungua skuta iliyotembea zaidi ya kilomita 40,000 ambayo mwenyewe hakujua kwamba kipo. Kilikuwa kimeziba kwa vumbi na majani hata hewa haikuweza kupita, na mkanda wake wa pili ulikuwa umeshakuwa mgumu kama gamba la mti kabla ya nusu ya umri wake. Kukisafisha ni kazi ya nusu saa: kitolewe, kioshwe kwa maji na sabuni, kikaushwe kabisa, kirudishwe. Kisipakwe oili isipokuwa kitabu cha skuta husika kimeagiza hivyo, kwa sababu oili inayovutwa ndani ya kasha huishia kwenye uso wa puli, na mkanda wenye oili huteleza, na unaoteleza huungua. Kwa sababu hiyohiyo, akifungua kifuniko na kukuta unyevu wa oili chini ya puli yoyote, mtu asifunge mkanda mpya kwanza. Atafute sili iliyochoka ya krenki au ya sanduku la gia za nyuma. Maji nayo huleta mtelezo, na anayelazimika kupita kwenye maji yanayofika usawa wa kasha ajue kwamba baadaye itabidi lifunguliwe tundu la kutolea maji, ikiwa skuta yake inalo, na mkanda upewe muda wa kukauka kabla ya kuvutwa kwa nguvu.

Uendeshaji pia huchangia, nami nitaje tabia moja tu. Kuna watu ambao wakisimama kwenye mwinuko huishikilia skuta isirudi nyuma kwa kuongeza moto kidogo badala ya kushika breki. Hapo klachi inakuwa nusu imeshika na nusu inateleza, kengele yake, lile bakuli la chuma linaloifunika, inapata rangi ya buluu kwa joto, na joto hilo lote linabaki katika chumba kimoja na mkanda. Breki iliwekwa kwa ajili hiyo.

Sasa nije kwenye ufungaji, ambako naona uharibifu mwingi hufanyika mikononi mwa watu wenye nia njema. Nati ya puli ya mbele hukazwa kwa nguvu kubwa, nayo ina kipimo kilichoandikwa. Kuna wanaoizuia puli isizunguke kwa kuchomeka bisibisi kati ya mapezi, na pezi moja likivunjika puli hupoteza uwiano wake na sehemu ya upozaji wake. Kipo kishikio maalumu cha kazi hiyo, na anayekusudia kuifanya mara kwa mara akinunue pamoja na spana ya kupima mkazo. Mashine ya hewa ya kufungulia nati husaidia kufungua, lakini kufungia ni jambo lingine, kwani hakuna mkono unaoweza kukisia kipimo kwa kelele ya mashine.

Kosa baya zaidi ni la kubana mkanda, na kwa kuwa halionekani kwa nje, naomba nilieleze polepole. Puli ya nyuma, kwa sababu ya springi yake, huusukuma mkanda mpya hadi ukingoni na kuukaza, hivi kwamba upande wa mbele mkanda huvutwa ukazama na kubanwa chini katika bonde. Fundi akirudisha nusu ya nje ya puli ya mbele na kukaza nati katika hali hiyo, nusu ile hushikwa na mkanda kabla haijaegemea bushi yake, lile bomba fupi la chuma lililo katikati. Spana husoma kipimo sahihi, nati huonekana imekaza, kumbe kinachokazwa ni mpira. Skuta ikitembea kilomita chache mkanda hujipanga, nafasi hutokea, nati hulegea, na puli huanza kucheza juu ya meno ya krenki hadi kuyala. Krenki ikishaharibika hivyo, injini yote itafunguliwa kwa kosa la dakika mbili. Namna ya kuliepuka ni kuitanua puli ya nyuma kwa mikono miwili, kuuzamisha mkanda humo hadi ulegee kabisa upande wa mbele, kisha ndipo nusu ya nje irudishwe na kuguswa kwa kidole kuhakikisha kwamba imegusana na bushi na kwamba mkanda unacheza huru. Baada ya kukaza, puli izungushwe kwa mkono na mkanda uonekane unatembea bila kubanwa. Mishale iliyochapwa juu ya mkanda ielekee upande wa mzunguko. Nati ambazo mtengenezaji amesema zitumike mara moja zisirudiwe. Nyuso za puli zifutwe kwa kisafishio cha breki na kitambaa safi, na vidole vyenye grisi visiziguse tena. Kuhusu rola, katika skuta nyingi hukaa pakavu. Baadhi hutaka grisi ya aina na kiasi maalumu, na hapo kitabu ndicho kifuatwe, si mazoea ya skuta nyingine.

Najua lipo pingamizi, nami nimelisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu, kwamba watengenezaji huweka kilomita chache makusudi ili wauze vipuri. Wanaolisema hutaja mikanda iliyofika kilomita 35,000 au 40,000 bila tatizo, na siwabishii kwamba ipo. Lakini mkanda wa mtu anayetembea masafa marefu kwa mwendo wa kadiri, hewa ikipita vizuri, hauishi maisha sawa na ule wa anayesimama na kuondoka mara mia mbili kwa siku akiwa na mzigo. Mtengenezaji hajui skuta itaangukia mikononi mwa nani, kwa hiyo huandika namba itakayomfaa yule wa pili. Skuta nyingi kubwa huandikiwa kilomita kati ya 20,000 na 25,000. Anayetaka kuzidisha namba hiyo aizidishe akiwa na kalipa mkononi na mizunguko yake imeandikwa, si kwa kutazama na kusema bado uko vizuri. Kwa upande wangu siizidishi, kwa kuwa simbebi mtu nyuma yangu ili nijaribu uvumilivu wa mpira.

Kuhusu mikanda ya bei nafuu isiyotoka kwa mtengenezaji, nimetumia miwili ya kampuni zinazojulikana kwa kutengeneza mikanda na sikuona tofauti, na nimetumia mmoja usio na jina la kueleweka ambao ulitoa nyuzi pembeni kabla ya kilomita 6,000. Siwezi kusema zaidi ya hayo, ila kwamba mkanda ambao upana na urefu wake havilingani na vilivyoandikwa kwenye kitabu, hata kwa milimita moja, haufai hata kama umeingia mahali pake bila shida.

Nimalizie na ombi kwa wanaouza skuta zilizokwishatumika, ambao hutangaza pia katika kurasa za gazeti lako. Tangazo husema mwaka, rangi, kilomita na hali ya tairi, lakini sijapata kuona lililosema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita ngapi. Mnunuzi wa skuta yenye kilomita 22,000 asiyepewa habari hiyo amenunua kazi ya kufungua kasha wiki ileile, na ni haki yake kuijua kabla ya kupatana bei. Chini ya kiti cha skuta yangu kuna kipande cha karatasi ngumu, kimefungwa ndani ya nailoni, chenye kilomita za kila mkanda, upana uliopimwa, mizunguko iliyosomwa kwenye mwendo wa 90, na tarehe kichujio cha kasha kilipooshwa. Atakayeinunua ataikuta hapo.

Wako mwaminifu,
Msomaji na mwendesha skuta